Ukurasa wa Sita Ambao Sikukusomea

Mamdogo,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini umenilea mwenyewe, na nikianza barua bila shikamoo nitalihisi lile jicho lako hata nikiwa peke yangu.

Leo Jumatano nimefunika cherehani mapema. Wateja wawili wamepita, nimewaambia mashine mbovu. Mashine ni nzima kabisa. Nimekaa kibarazani kwako hapa Chamazi, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa waya ukakataa kisitupwe, na mapajani nina karatasi za aina mbili. Moja ni ile fomu ya utafiti tuliyoisaini mimi na wewe, kurasa tisa, imeanza kuwa njano pembeni. Nyingine ni muhtasari wa kikao, kurasa mbili, ambao natakiwa niusaini kabla ya Jumatatu. Nimeusoma mara nne. Kila nikiumaliza natamani kuuchana.

Nakwambia mapema kwamba nimekasirika, usije ukadhani nimekaa kukulilia. Kulia nililia, nadhani hata wewe ulinichoka. Sasa nina hasira na sijui niipeleke wapi, kwa hiyo nakuletea wewe, kama nilivyokuwa nakuletea kila kitu.

Kwanza habari za nyumbani, maana hutanisikiliza mpaka uzipate. Mwanao Shabani hajambo. Bado anatengeneza madirisha ya aluminiamu, amepata fremu karibu na barabara ya kwenda uwanjani, na siku za mechi hafanyi kazi kwa sababu ya kelele na kwa sababu naye yumo uwanjani. Kuku wako walihamia kwa Mama Nasri, jirani yetu wa ukuta mmoja, bila kuulizwa na bila kurudi. Bomba la maji limefika mtaani, linatoa maji siku linapojisikia. Mzigo wa ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ulikuja kutoka Newala mwezi uliopita, nikauchemsha mwenyewe, Shabani akala vipande viwili akasema kwa upole kuwa ameshiba.

Sasa hii nyingine ungeicheka. Mimi, Hadija fundi nguo, ni mjumbe wa kamati. Si ya shule wala ya msikiti. Ni kamati ya maadili ya utafiti, ile inayoamua kama madaktari waruhusiwe kujaribu dawa mpya kwa watu. Wana madaktari wao, wana mwanasheria, wana profesa ambaye ndiye mwenyekiti, na kanuni inawataka wawe pia na mtu wa kawaida wa kuwaambia wananchi wanaonaje. Wakamwandikia mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa awapatie mtu anayejua kusoma na asiyeogopa kuongea. Sifa ya pili ndiyo iliyomfanya anifikirie. Aliniambia, "Hadija, mdomo unao, nenda ukautumie huko, sie utupumzishe."

Nikakubali kwa sababu yako. Shabani anadhani nilikwenda kukulipizia kisasi kwa wasomi, na nimemwacha adhani hivyo mwaka mzima. Kwa nini nimemwacha, utaelewa nikifika mbele.

Tunakutana Sinza, ghorofa ya pili, na ng'ambo ya barabara kuna baa inayofungulia singeli saa saba mchana. Basi tunapima hatari na faida za watu huku spika inatikisa vioo. Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo, kupima. Mtafiti analeta makaratasi yake, nasi tunauliza: atakayeingia humu anaweza kudhurika vipi, atapata nini, watakaokuja baadaye watapata nini, na je, hiki kinastahili kile. Nilipoelezwa siku ya kwanza nilifurahi. Nikasema hii nimeizoea, kila siku napima kitambaa cha mtu kabla sijatia mkasi, kwa kuwa ukishakata umekata. Ilinichukua vikao vitatu kugundua kwamba pale kinachopimwa ni karatasi, mvaaji hayupo.

Unakumbuka siku ile kituoni? Najua unakumbuka, ila niache nisimulie kwa mdomo wangu, sijawahi.

Ulivaa doti ya khanga mpya kama unakwenda kwenye maulidi. Chumba kilikuwa na feni na viti vyenye mito. Nesi Anjela alikupokea mlangoni, akakuita Bi Sikudhani, akakuuliza habari za Newala kwa sababu naye alisoma Masasi. Daktari akaja mwenyewe, akakuangalia nyayo, akakugusa vidole vya miguu kimoja kimoja. Miaka yote ya kisukari chako ulikuwa umezoea benchi, unafika alfajiri, unaitwa mchana, na anayekuita haangalii usoni. Tulipotoka kunywa maji uliniambia, "Hadija, hapa mtu unaonekana." Ulisema kwa sauti ndogo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na anaogopa mwenyewe atakuja kukidai.

Kisha ikaja fomu. Herufi za Kiarabu ulizisoma vizuri kuliko mimi, hizi nyingine ulisema ni za serikali. Utaratibu wao ni kwamba asiyesoma asomewe, na awepo shahidi wake wa kusaini kuwa yote yamesomwa. Wewe ukasema nisome mimi, sauti ya mwanao unaielewa zaidi. Nesi akakubali, akakaa nasi.

Nilisoma vizuri, Mamdogo. Ukurasa wa kwanza mpaka wa tano nilisoma kama khatibu. Huo wa tano ulisema utaacha vidonge vyako wiki mbili kabla ya kuanza dawa mpya. Nesi Anjela akatufafanulia, "Mama, tunasubiri dawa ya zamani itoke mwilini kwanza, ndiyo tuanze na mpya, sawa eeh?" Ukasema ni sawa na kuosha sufuria kabla ya kubadili mboga. Tukacheka wote watatu. Halafu akaitwa chumba cha pili, akatuambia tuendelee.

Nikafunua ukurasa wa sita. Juu uliandikwa "Madhara yanayoweza kutokea." Nikasoma mstari wa kwanza nusu, nawe ukainua mkono. "Hayo usinisomee. Usinichurie."

Nami nikafunua. Haraka. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisita hata kidogo, na jibu ni kwamba sikusita. Kwetu mgonjwa hatajiwi mabaya usoni, ukiyataja umeyaita, hilo nimelinyonya kwako mwenyewe. Na jicho langu lilikuwa limeshaliona neno lililokuwa mstari wa pili, na sikutaka kinywa changu ndicho kikutamkie. Niliona nafuu uliponikataza. Hiyo nafuu ndiyo inayonitafuna hadi leo.

Ukurasa wa saba ulihusu kutunza siri, wa nane ulihusu haki yako ya kujitoa wakati wowote, wa tisa ulikuwa wa saini. Ukaweka dole gumba. Chini yake palikuwa na sentensi yangu: nathibitisha kuwa fomu yote imesomwa kwa mshiriki na ameielewa. Nikasaini kwa mwandiko mzuri. Nesi Anjela akarudi akauliza, "Mmemaliza yote?" Nikamjibu, "Yote."

Siku ya tisa baada ya kuacha vidonge ulianza kunywa maji. Kata juu ya kata. Mtungi niliojaza asubuhi ulikuwa mtupu kabla ya alasiri, na kwenda uani ulikwenda mpaka ukaamua kuhamishia mkeka mlangoni kupunguza safari. Nilipokuuliza ulicheka. "Si ndiyo inatoka hiyo dawa ya zamani? Nesi alisema." Nikaona kweli. Nikamwambia hata Mama Nasri ukutani, mama inamtoka dawa. Tulikuwa tunafurahi. Hapo ndipo ninapotaka kupiga kichwa ukutani kila nikipakumbuka, kwamba tulikuwa tunafurahi, tunahesabu kata za maji kama watu wanaohesabu baraka.

Jumanne ukatapika. Jumatano ukaanza kuongea na mama yangu, ambaye ni marehemu tangu nina miaka sita, ukimwambia afunge mbuzi. Nikasema kesho ndiyo kliniki, tuvumilie, nesi atakuona kesho. Alhamisi asubuhi tulikupeleka na bajaji. Walipokuona tu walianza kukimbia, na sijawahi kuona watu wale wakikimbia. Wakakupeleka hospitali. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwisha.

Ukurasa wa sita niliusoma siku ya nne ya msiba, nimejifungia bafuni, khanga mdomoni nisisikike.

Wakachunguza. Barua ikaja, na kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa ukoo, nikapewa niisome mbele ya ndugu siku ya arobaini yako. Ilisema kifo hakikusababishwa na dawa ya utafiti. Kweli tupu, Mamdogo, ulikufa hujaionja. Shabani akasimama katikati ya watu wazima, jambo ambalo hukuwahi kumfunza, akasema, "Yaani mnamwachisha mtu dawa, anakufa, halafu dawa yenu haikumuua kwa sababu hamjampa?" Hakuna aliyemwambia kaa. Alikuwa na haki, na mpaka leo naona ana haki.

Lakini chini ya hapo palikuwa na sentensi nyingine. Ilisema dalili za hatari na namba ya dharura vilisomwa kwa mshiriki, na shahidi alithibitisha kwa saini. Jicho likaiona, mdomo ukairuka. Mara ya pili. Nikamalizia na salamu za rambirambi, nikakunja barua.

Nesi Anjela alikuwa amekuja na khanga na mchele. Shabani akamwambia mbele ya watu, "Sista, hapa si mahali pako." Yule dada akasema sawa kaka, akainuka kwenye mkeka, akatafuta viatu vyake kwenye lile rundo la viatu mlangoni, na ilimchukua muda kuvipata. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikiwa na birika la chai. Nilimwangalia akivaa. Tangu siku hiyo Shabani akikaa kula kwangu husema, "Walimfanya mama wa kujaribia. Mie siwasamehi mpaka nakufa," nami namuongezea mchuzi.

Haya, wiki iliyopita. Utafiti mpya umeletwa, wa Chanika. Si wale wale waliokuwa na wewe, ni wengine, ila ugonjwa ni ule ule na wiki mbili ni zile zile. Katibu akatusomea muhtasari wa mtafiti: hatari ni ndogo na zinadhibitika, faida kwa jamii ni kubwa. Nikafungua fomu. Kurasa tisa. Madhara yako ukurasa wa sita. Nikadhani mtu ananifanyia mzaha.

Nikauliza nani atamsomea bibi wa Chanika ukurasa ule. Mwanasheria akasema muuguzi, naye amefundishwa, na shahidi atakuwepo. Nikauliza, na bibi akisema asichuriwe? Daktari mmoja wa Moshi, mama mpole, akaniuliza uchuro ni nini. Nikamweleza, akaandika. Kisha akapendekeza, kwa moyo mwema kabisa, iongezwe aya moja ya kumwomba mshiriki asikilize hata yale asiyoyapenda. Profesa akasema wazo zuri. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tatizo ni kwamba watu hawasomewi kurasa tisa, na dawa yake ni kuandika ya kumi.

Nikaingia upande wa faida. Nikasema kwenye orodha yenu sioni kiti, sioni feni, sioni daktari anayekujua jina. Profesa akanieleza kwa subira, wala hakunidharau, kwamba hivyo haviruhusiwi kuwekwa kwenye mizani, kwa sababu mtu mwenye shida atavutwa navyo akaingia kwenye hatari asiyoitaka. Kinachopimwa ni faida ya dawa na ya elimu itakayopatikana. Nilimwelewa, na nadhani anasema kweli. Lakini kuviacha nje ya mizani hakuviondoi chumbani. Wewe ulikwenda kwa ajili ya kile kiti. Na kiti hicho ndicho kilichokuziba masikio, maana mgeni aliyekaribishwa vizuri hamwulizi mwenyeji maswali mabaya. Faida yako haikuandikwa popote, na hatari yako iliandikwa mahali ambapo hukufika. Sasa waliotoka pale wakisema wamepima, walipima nini?

Hayo niliyasema. Wakatikisa vichwa. Katibu akaangalia saa.

Basi nikasema na lile jingine. Sikupanga, Mamdogo, ningepanga ningeshindwa. Nikasema mimi ndiye shahidi niliyesaini kwamba mama yangu mdogo amesomewa yote, na sikumsomea. Niliruka. Aliniomba niruke nami nilikuwa nataka kuruka. Nikawaeleza kata za maji, na mkeka mlangoni, na jinsi tulivyofurahi. Ng'ambo singeli inaendelea kama hakuna kitu. Daktari wa Moshi alivua miwani akaishika mkononi. Profesa akasema, "Pole sana, Bi Hadija."

Nikawaambia sitaki pole, naomba waandike. Dalili ziwe ukurasa wa kwanza, kabla mtu hajapewa kiti. Bibi asiulizwe kama ameelewa, aambiwe arudie kwa maneno yake, maana kila mgonjwa akiulizwa husema nimeelewa. Katika zile wiki mbili mtu aende nyumbani kwake, amtoboe kidole, apime, asingojewe yeye aje Alhamisi. Na jambo la nne ndilo nililolishikilia zaidi. Kwetu mabaya ya mgonjwa hayaachi kusemwa. Yanasemwa uani, kwa ndugu, mgonjwa akiwa ndani. Kila nyumba ina mtu wake wa kuambiwa uani. Bibi aulizwe mwanzoni kabisa, wa kwako ni nani, na kwa ruhusa yake yule aitwe pembeni aambiwe neno kwa neno. Mwanasheria akasema siri ya mshiriki, tukabishana, mwisho akasema kwa ruhusa inawezekana. Nilirudi Chamazi siku hiyo naona barabara nyeupe.

Jana ndipo muhtasari ukaletwa. Nakunukulia: mjumbe wa jamii alisisitiza umuhimu wa lugha rahisi. Mtafiti ashauriwe kuongeza aya moja katika ukurasa wa sita. Utafiti umekubaliwa kwa masharti madogo.

Basi. La uani halipo. Kidole hakipo. Mimi sipo, wewe hupo, kuna lugha rahisi.

Nikampigia katibu. Ni kijana mstaarabu, ananiita dada. Akaniambia, "Dada, ile ishu tuliona ni ya kifamilia, ingekuaibisha. Tukaona tukusitiri." Nilimwelewa vizuri mno. Walisikia neno baya, wakaniona nimeketi mbele yao, wakanionea huruma, wakafunua ukurasa. Nimekaa mwaka mzima nikidhani ni sisi tu tusiosoma ndio wenye ugonjwa huu. Kumbe na profesa anao. Wamenisitiri mimi, na sitara hiyo itavaliwa na bibi wa Chanika siku ya tisa, anapohesabu kata.

Na wewe pia nimekukasirikia, Mamdogo, sitakudanganya. Kwa nini uliinua mkono? Ulizalisha wanawake vichochoroni bila gloves, ulizika waume wawili, ulimfukuza mwizi kwa mwiko. Ukaogopa mistari sita. Wenzetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulikuwa wawili tunafichana, mmoja hataki kusikia na mwingine hataki kusema, tukaita heshima. Niliwahi kukaa kaburini kwako nikakuuliza hilo swali kwa sauti, mchimba kaburi akanipa nafasi akadhani nasoma dua.

Nimemwambia katibu sisaini. Ameshangaa, hajawahi kuona. Nimemwambia nilishasaini mara moja karatasi inayosema yote yamesomwa, sirudii. Amenijibu basi niandike mwenyewe nilichosema, kwa jina langu, nikipeleke Jumatatu kisomwe kikaoni kabla ya kibali kutoka. Hawezi kuahidi kitabadilisha kitu. Inaniudhi kwamba haahidi, lakini angalau hajanidanganya.

Kwa hiyo nitaandika. Ila haiwezekani wageni wa Sinza wapate kwa maandishi jambo ambalo mwanao hajalisikia kwa mdomo wangu. Nimempigia Shabani aje leo akifunga kazi. Nimemwambia ni jambo la mama. Akauliza, "Wamekiri, dada?" Nikamwambia njoo tu. Anaweza kuniambia alichomwambia Nesi Anjela. Nimeshaviweka viatu vyangu mahali ninapoviona.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na naiandika ili nisiikimbie. Shabani nitamsomea ile barua ya arobaini tena, na safari hii mpaka mwisho. Nikimaliza naye, anibakishe au anifukuze, nitamtafuta Nesi Anjela nimwambie mbele yake kwamba nilimjibu uongo, kwa sababu najua yule dada anajiuliza kila siku alikosea wapi, na sehemu ya kosa analobeba ni yangu. Jumatatu nitakwenda Sinza. Wakinikatalia nitarudi kikao kinachofuata, na kinachofuata, mpaka mwenyekiti wa mtaa ajute kunipendekeza.

Kwaheri, Mamdogo. Mola akupe kiti kizuri huko uliko, na mito, na mtu wa kukuita kwa jina.

Lakini kabla Shabani hajafika nina kazi moja na wewe. Nimeufungua ukurasa wa sita. Nausoma kwa sauti hapa kibarazani, Mama Nasri achungulie akipenda. Hauwezi tena kukudhuru, na hata ungeweza, ulikuwa wako. Inua mkono ukitaka. Sifunui.

"Madhara yanayoweza kutokea. Katika wiki mbili za kuacha dawa, sukari yako inaweza kupanda sana. Sukari ikipanda sana inaweza kusababisha kupoteza fahamu au kifo. Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, kutapika na kuchanganyikiwa. Ukiona hata dalili moja, usisubiri siku ya kliniki. Piga namba iliyo hapa chini saa yoyote. Gari litakufuata nyumbani."

Yote, Mamdogo. Sasa ndiyo yote.

Mwanao,
Hadija